Duka liko kwa simu, kufuli je?

Pita Gikomba asubuhi uone vijana wanavyochagua nguo za kamera, wanazipiga picha hapo hapo na kuziweka Instagram kabla ya saa nne. Hawana duka la kukodi wala kanjo wa kuwahangaisha. Safi sana. Lakini biashara nzima inaning'inia kwenye laini moja ya simu na nywila moja, ambayo mara nyingi ni jina la duka likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa.

Mwizi wa mtandaoni haji na mitambo ya ajabu kama ya sinema. Anakuja kama mteja. Anakuomba zile nambari sita "zilizotumwa kwako kimakosa", na ukimpa tu, WhatsApp yako inahamia kwa simu yake. Muda si muda wateja wako wanaona viatu vya nusu bei na nambari mpya ya kulipia. Wanatuma pesa kwa sababu wanakuamini wewe. Akaunti unaweza kuirudisha. Aliyelipa na hakupata viatu atalikumbuka jina la duka lako, si la mwizi, ambaye hata hamjui.

Kumlaumu hasla peke yake ni uonevu. Julai 2023 eCitizen ya serikali yenyewe ililemewa na mashambulizi, watu wakakwama na maombi ya pasipoti. Nayo mitandao hii ya kijamii inavuna pesa za matangazo yetu, ila akaunti ikiibwa unabaki kubishana na mashine. Inafaa iwe na watu wa kujibu, tena haraka.

Hata hivyo, kuna ya kufanya leo bila kulipa hata bob. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, Instagram na barua pepe. Ukiwa na laini ya Safaricom, piga *100*100# ili wakala asiweze kuihamishia kadi nyingine. Na SMS ya M-Pesa anayokuonyesha mteja kwa simu yake si malipo. Angalia salio la till yako kwanza, hata kama mtu wa boda anapiga honi nje.

Kisha kuna lile daftari la wateja: majina, nambari, mtaa na hadi mlango wa nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 data za watu zikivuja na kuwaweka hatarini. Wengi hudhani hiyo ni shida ya benki. Mteja wa kike anayeishi peke yake hatajali kama zimevuja kutoka benki au kwa muuza wigi.

Na yule uliyemwajiri kujibu inbox, mkakosana akaenda zake? Bado ana nywila. Ibadilishe.