Waliotuhesabu watuletee hesabu

Na Mwana-Lukafu

Jumanne vijana wawili waliingia kwenye lupango ya jirani yangu hapa Lukafu, beji shingoni, tableti mkononi. Kiti walichopewa hawakukikalia. Mama, mnakula mara ngapi kwa siku? Nani analala chumba gani? Mnadaiwa kiasi gani? Mama alikuwa anasonga bukari. Akajibu yote, hata la deni, watoto wake wanasikia. Mwishowe akauliza la kwake moja tu: "Bana yangu, haya majibu mutatuletea lini?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, sisi tunatumwa tu."

Mliozoea safu hii mnajua ugomvi wangu na watu wa "tunatumwa tu". Safari hii nilikasirika hadi usingizi ukanikimbia. Mwanamke ameanikwa mbele ya wanawe, na aliyemwanika hajui hata majibu yanakwenda wapi!

Tabia hii ya kuuliza bila kurudisha majibu, Leta, yaani serikali, ndiyo baba yake. Desemba 1941, mji wetu huu wa Lubumbashi ukiitwa Élisabethville, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma. Wakubwa waliingiwa na hofu, na ni hofu iliyowafanya watake kujua Mwafrika wa mjini anaishije na anawaza nini. Mwaka 1946 ikaundwa hapa hapa CEPSI, kituo cha kuchunguza "matatizo ya kijamii ya wenyeji". Wala si hapa tu: ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na taasisi yake ya aina hiyo tangu 1937, kwa fedha za serikali na makampuni ya shaba. Mtu wa mbele wa CEPSI alikuwa Ferdinand Grévisse, ofisa wa utawala wa kikoloni. Mwaka 1951 akatoa kitabu kizima juu ya mitaa ya Waafrika ya mji huu, maisha ya baba zetu na mama zetu. Kwa Kifaransa! Wangapi kati yao wangeweza kukisoma?

Kati ya 1955 na 1957 koloni likafanya uchunguzi wa sampuli nchi nzima, karibu mtu mmoja kwa kila kumi. Baada ya uhuru sensa kamili ni moja, ya 1984. Leta humhesabu mtu inapomwogopa au inapotaka jasho lake. Njaa ya mama yule haijawahi kuwa sababu.

Shefu wa kartie, usimruhusu mtu kupita milangoni bila ahadi ya maandishi kwamba matokeo yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya waliojibu. Nawe msomaji, asiye na karatasi hiyo usimjibu.