Propela iliyopasuka haifai kuchomelewa

Katika mialo ya Ziwa Victoria na madiko ya pwani, mashine ya kupachika ya nguvu farasi 15 au 40 ni miongoni mwa mali ghali kabisa za mvuvi mdogo, na propela ni kimoja cha vipuri vyake vya bei nafuu. Hata hivyo, propela ikigonga mwamba au kisiki, wenye boti wengi huikimbiza kwa fundi wa kuchomelea. Panga lililopasuka huzibwa, likanyooshwa kwa nyundo, na chombo kikarudi majini. Desturi hii inawatia wavuvi hasara, nayo haionekani siku ya kumlipa fundi.

Propela nyingi za mashine hizi ni za aluminiamu, na kuna sababu. Aluminiamu ni laini kuliko chuma cha pua. Ikigonga hupinda au kumeguka, na sehemu kubwa ya kishindo huishia hapo badala ya kupanda hadi kwenye shafti na meno ya gia. Ndani ya kitovu mara nyingi mna raba inayoteleza pigo likizidi, na baadhi ya mashine ndogo zina pini laini inayokatika kwa kazi hiyohiyo. Vyote hivi vimewekwa viharibike kwanza. Anayepachika msumari mgumu mahali pa pini, au anayetoboa kitovu na kukaza bolti ili raba isiteleze, ameiondoa kinga hiyo, na pigo linalofuata huenda likavunja gia yenyewe. Kuchomelea nako kuna kasoro: moto hupunguza nguvu ya aluminiamu kandokando ya kiungio, kwa hiyo panga hukatika tena palepale, pengine chombo kikiwa mbali na nchi kavu. Hata kiungio kikishika, ni vigumu uzito na mwinamo wa mapanga urudi kulingana kwa kukadiria kwa macho. Mashine ikifunguliwa kabisa huzunguka mara 5,000 hivi kwa dakika. Gia huipunguza kasi hiyo karibu nusu, na propela hugeuka takriban mara 40 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, uzito mdogo uliozidi upande mmoja ni mtikisiko usiokoma juu ya beringi na sili. Sili ikichakaa maji huingia gia boksi, oili ikageuka rangi ya maziwa, na gia huanza kulika. Petroli nayo hupotea, maana panga lililopinda halishiki maji sawasawa: mashine hunguruma, boti haiendi.

Watasema mvuvi hana fedha. Hoja hiyo ni nzito, hasa pale gharama zinapotolewa kwenye mauzo kabla ya mgao na mabaharia kuona jasho lao limeishia dukani. Lakini bei ya propela inauma hivyo kwa sababu inasubiriwa iwe dharura. Nyavu huwekewa fedha kidogo kidogo kwa kuwa kila mtu anajua zitachanika. Propela nayo itagonga. Wala sisemi kila iliyoguswa itupwe. Mikwaruzo na mapengo madogo ya ukingoni husawazishwa kwa tupa, na iliyopinda kidogo bila ufa inaweza kupelekwa kwenye karakana yenye vipimo vya mwinamo na vya kusawazisha uzito. Propela kubwa za shaba za vyombo vizito hukarabatiwa hivyo, na inalipa. Ufa, panga lililokatika au kitovu kilichoharibika katika propela ndogo ya aluminiamu ni jambo jingine.

Wengine wanahofia spea bandia, nao wana haki. Ndiyo maana propela ya zamani iende dukani pamoja na mnunuzi: alinganishe kipenyo, namba ya mwinamo na meno ya ndani ya kitovu kabla ya kutoa fedha. Wanaokopesha wavuvi boti na mashine, iwe serikali, ushirika au tajiri wa mwaloni, waweke propela ya pili katika kila mkopo, pamoja na nati, washa na pini zake. Na mabaharia wafundishwe kuibadilisha: kuzima mashine na kuchomoa waya wa plagi, kunyoosha pini ya nati, kufungua, kisha kukagua kama kuna mshipi uliojisokota nyuma ya washa, kwa kuwa mshipi huo hukata sili hata propela ikiwa mpya.