Kazi za Vyuo Vikuu Kuhusu Bagamoyo na Swali la Msomaji

Mji wa Bagamoyo, pamoja na pwani inayopanda kaskazini kuelekea Winde, Saadani na Pangani, ni miongoni mwa sehemu za Uswahilini zilizoandikwa sana na watu wa vyuo vikuu. Kuna kamusi, tasnifu za historia, ripoti za uchimbaji wa magofu na uchunguzi wa lahaja. Kuna pia ngoma na michezo ya kuigiza iliyotungwa vijijini kwa ushirikiano na wahadhiri. Wingi huo husifiwa mara kwa mara. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba aina hizi zote za kazi zimekuwa zikipimwa kwa mizani moja tu, na kwamba mizani hiyo huipa uzito mdogo kuliko zote kazi ile ambayo mtu wa Bagamoyo mwenyewe angeweza kuisoma, kuisikia au kuitazama.

Suala hili si geni. Linaanza na kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, yaani Desturi za Wasuaheli. Jina lililo juu ya jalada ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin. Lakini sehemu kubwa ya maandishi yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha katika Seminari hiyohiyo. Mtoro aliandika kuhusu uzazi, unyago, ngoma, adabu, mikopo, utumwa na uganga, kwa Kiswahili kilichonyooka cha Mrima, na kwa mpangilio ambao mtaalamu wa elimu ya jamii wa leo hawezi kuubeza. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuchangia habari za Udoe katika kitabu kingine cha Velten, Safari za Wasuaheli (1901).

Kwa mizani ya Berlin ya wakati huo, Velten ndiye aliyekuwa mtaalamu. Mtoro alikuwa msaidizi wa lugha, yaani mtu wa kuulizwa. Ilipita miaka 78 ndipo tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J.W.T. Allen (1981) ilipomtaja Mtoro katika jina la kitabu kama mwenye desturi zile. Haki ilitendeka, lakini ilitendeka kwa Kiingereza, katika matbaa ya chuo kikuu cha California. Msomi mmoja wa Bagamoyo aliandika kitabu kwa Kiswahili, na leo ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa Marekani kukipata kuliko mwanafunzi wa sekondari wa Dunda.

Mfano wa pili unawagusa wanaisimu moja kwa moja. Mwaka 1939 zilichapishwa kamusi mbili kubwa za Kiswahili. Ya kwanza ni ile ya Kiswahili-Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Ya pili ni ya Kiswahili-Kifaransa ya Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, iliyotolewa Paris na Taasisi ya Ethnolojia. Sacleux alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1879, akaishi Bagamoyo na Unguja, akakusanya maneno kwa sikio kali la mwanafonetiki na jicho la mwanabotania. Kamusi yake huonyesha neno ni la Kimrima, la Kimvita, la Kiamu au la kwingineko, na hutoa majina ya miti na majani ambayo kamusi nyingine huyaeleza kwa maneno mawili tu: “aina ya mti”.

Kamusi ya Johnson ilijengwa juu ya Kiunguja kilichosanifishwa, ikawa msingi wa kazi zilizofuata, ikiwa ni pamoja na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981). Ile ya Sacleux ilibaki katika Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa uzamili anayetaka kujua neno fulani la wavuvi wa Mrima lilitamkwaje karne moja na nusu iliyopita hana budi kwanza kujifunza lugha ya Wafaransa. Hali hii imezoeleka mno kiasi kwamba haionekani tena kuwa ya ajabu. Wapo wanaodai kuwa kuigeuza kamusi hiyo kwa Kiswahili, kuihariri na kuilinganisha na matumizi ya sasa ni kazi ya ukarani. Dai hilo ni dhaifu. Anayehariri maandiko ya namna hiyo hulazimika kuamua juu ya fonolojia, maana, lahaja na historia kwa kila kidahizo, jambo ambalo makala nyingi za kurasa 15 hazilifanyi.

Katika historia na akiolojia, mambo yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Neville Chittick alichimba Kaole mwaka 1958. Walter Brown aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu historia ya Bagamoyo kabla ya ukoloni katika chuo kikuu cha Boston mwaka 1971. Felix Chami (1994) alionyesha, kwa ushahidi wa vyungu na mabaki ya uhunzi kutoka mahali kama Kiwangwa, kwamba wakulima waliojua kufua chuma walikaa katika pwani hii tangu karne za mwanzo za milenia ya kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, Nurse na Hinnebusch walikuwa wamelijadili swali la asili ya Waswahili kwa njia ya isimu linganishi. Steven Fabian (2019) ameongeza kitabu kizima juu ya namna wakazi wa mji huu walivyojitambua. Kazi zote hizi ni za Kiingereza. Anayewatembeza wageni katika magofu ya Kaole atazipata wapi hoja za Chami, ambazo zinapinga moja kwa moja ile hadithi ya kwamba kila kilicho kizuri pwani kililetwa na jahazi?

Sanaa za maonyesho ndizo zinazoonyesha tatizo hili waziwazi zaidi. Katika miaka ya 1980, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini. Mojawapo ya vijiji hivyo ni Msoga, upande wa bara wa Bagamoyo. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, na matatizo hayo yakatungiwa ngoma, ngonjera na maigizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyacheza mbele ya wenzao na kisha kuyajadili. Huo ni utafiti kamili, wenye swali, data, uchambuzi na uwasilishaji. Tena ni uwasilishaji mbele ya watu wanaoweza kusema papo hapo kwamba mtafiti amekosea, jambo ambalo wahakiki wa majarida hawana nafasi ya kulifanya.

Lakini kilichoingia katika orodha za maktaba ni kitabu cha Mlama (1991), kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uppsala, Sweden. Tasnifu ya Chami nayo ilichapishwa Uppsala. Hapana ubaya kuchapisha Uppsala. Ubaya ni kuamini kwamba usomi wa Msoga ulianza siku kitabu kilipotoka kiwandani.

Hali kadhalika, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kugeuzwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007, kimefundishwa na watu ambao elimu yao ilikaa mikononi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa bingwa wa zeze na ilimba. Elimu ya namna hiyo hufa na mwenyewe pale ambapo hakuna mwanafunzi wa uzamili aliyeruhusiwa kujifunza kupiga, kutengeneza na kueleza ala kama sehemu ya shahada yake.

Tafsiri za fasihi nazo hazina budi kutajwa. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, yenye mji wa pwani usiotajwa jina na msafara wa kwenda bara, ilitungwa na mhadhiri wa chuo kikuu cha Kent. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, naye mhadhiri, wa SOAS, London. Kuyarudisha maisha ya misafara katika lugha iliyotumiwa na misafara yenyewe ni tendo la kitaaluma. Kamati ya kupandisha vyeo inayolihesabu chini ya makala juu ya tafsiri hiyo imeweka mkia mbele ya kichwa.

Pingamizi la kawaida ni kwamba ngoma, mchezo au tafsiri haina kipimo, na kwamba mlango ukifunguliwa kila mtu atapita. Pingamizi hili lina uzito, lakini linajibika. Onyesho linaweza kurekodiwa, kuambatanishwa na andiko la maelezo na kutazamwa na wahakiki wawili wasiojulikana kwa mtungaji. Tafsiri inaweza kulinganishwa na matini chanzi, ukurasa kwa ukurasa. Kinachokosekana ni nia ya kuandika masharti hayo, na wahakiki wenye uwezo wa kuyatumia. Pamoja na hayo, idara inayotoa shahada kwa utafiti uliofanywa Bagamoyo ingeweza kudai nakala ya maelezo kwa Kiswahili, yasiyopungua kurasa 20, ikabidhiwe kwenye maktaba ya mji huo kabla ya mahafali.

Kwa upande wa isimu, kazi ya kuanzia ipo tayari. Kamusi ya Sacleux inaweza kugawanywa kwa herufi miongoni mwa wanafunzi wa uzamili wenye ujuzi wa Kifaransa, kila mmoja akiambatana na mwenziwe wa uwandani. Huyu wa pili angepeleka vidahizo vya Kimrima Kaole, Mlingotini, Winde na Saadani, awaulize wavuvi, wakunga na mafundi wa majahazi ni maneno gani bado yanatumika, na yapi yamebaki kwa wazee pekee. Herufi M ingehitaji watu watatu.