Kabla ya Manchester, Fikeni Tabora

Hivi karibuni nilipita Nzega kikazi, na jioni ya Jumamosi nikaketi katika mgahawa mmoja karibu na kituo cha mabasi. Meza ya jirani walikuwapo ndugu wanne: walimu wawili, bwana shamba mmoja na karani wa serikali. Walikuwa wakibishana, tena kwa hoja na si kwa kelele. Mmoja wa walimu alikuwa amekusudia kukopa katika chama chao cha akiba na mikopo, auongeze mkopo huo katika akiba yake ya miaka kadhaa, aende Ulaya kwa siku mbili tatu kuangalia mechi moja. Swali lililokuwa mezani lilikuwa hili: achague uwanja gani? Mmoja alisema Old Trafford, kwa sababu ya historia. Wa pili alisema Anfield, kwa sababu ya nyimbo za mashabiki. Wa tatu akataja Emirates, na wa nne akawakatiza wote kwa kusema kwamba asiyeiona Bernabéu hajaona mpira.

Niliwasikiliza kwa muda mrefu. Sikucheka, wala sioni sababu ya mtu yeyote kuwacheka. Mapenzi ya mpira si dhambi, na mwandishi huyu naye hukodoa macho mbele ya televisheni kama wenzake. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni hata nilipokuwa njiani kurudi. Katika saa nzima ya mjadala ule, viwanja vilivyotajwa vilikuwa vya Uingereza na Hispania tu. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ulioko Tabora, kilomita zipatazo 115 kutoka mezani pale, haukutajwa hata kwa kukosolewa. Wala Kambarage wa Shinyanga haukutajwa, ulio karibu zaidi. Nzega ni njia panda: barabara moja yatoka Singida, nyingine yaenda Tabora, nyingine Shinyanga na Mwanza. Ndugu zetu walikaa katikati ya njia panda hiyo wakitafuta njia ya kwenda Manchester.

Nachelea kusema kwamba hapa pana ugonjwa, na ugonjwa huo tuliuita kasumba zamani, kabla hatujaona haya kulitumia neno hilo.

Tuanze na hesabu, maana walimu hawaogopi hesabu. Safari ya namna hiyo ina nauli ya ndege kwenda na kurudi, ada ya viza, malazi katika mji ambao chumba cha kawaida huuzwa kwa bei ya anasa, na tiketi ya mechi ambayo mara nyingi mgeni huipata kwa mlanguzi. Jumlisha hayo yote, kisha yagawanye kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Jibu ni miezi mingi ya kazi kwa ajili ya dakika tisini za mchezo. Na mkopo haukomi refa anapopuliza filimbi ya mwisho. Huendelea kukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, na anayeuhisi zaidi ni mtoto wa nyumbani ambaye hakwenda popote.

Wapo watakaosema: safari ni desturi ya watu wa huku. Ni kweli, na ndiyo maana tunapaswa kuijadili kwa makini. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa safari katika Afrika Mashariki. Walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa mwendo wa miezi, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Tusiwapambe wazee wetu kwa uongo: sehemu kubwa ya faida ya pembe hizo ilibaki kwa wafanyabiashara wa pwani na wa ng'ambo. Lakini mpagazi hakurudi mikono mitupu. Alirudi na nguo, na shanga, na waya wa shaba, na ujuzi wa lugha na wa bei za watu wengine. Alilima, aliposa, alianzisha mji wake. Safari yake ilipimwa kwa kile alichorudi nacho.

Basi na tuipime safari ya Old Trafford kwa kipimo hicho hicho. Ndugu yetu atarudi na nini? Atarudi na picha, na skafu, na jezi aliyoinunua dukani kwao kwa bei ya kwao. Mpagazi wa leo anabeba fedha kwenda na kurudi na kitambaa chenye tangazo la biashara la mtu mwingine. Uwanja wa Emirates, uliofunguliwa mwaka 2006, umebeba jina la shirika la ndege la Dubai. Anayekwenda kuuhiji analipia tangazo, naye anadhani ametembelea historia.

Na kama ni historia tunayoitafuta, basi tuisome mpaka mwisho. Klabu iitwayo leo Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Hawakuwa matajiri wale. Walikuwa watu wa nyundo na grisi, waliotoka kazini wakachanga mpira na kutafuta kiwanja. Old Trafford wenyewe ulibomolewa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, na klabu ikaishi bila nyumba hadi mwaka 1949 uwanja ulipokarabatiwa. Huko Hispania, Barcelona na Real Madrid hadi leo ni mali ya wanachama wao. Kwa hiyo viwanja hivyo vina somo kubwa, nalo ni kwamba wafanyakazi wa mahali fulani waliamua kujenga chao pale walipo. Wafanyakazi wale wa Newton Heath hawakukopa ili wakautazame mpira wa watu wengine.

Tabora nayo ina reli. Iliwasili mwaka 1912, na watumishi wa reli wamekuwapo mjini humo kwa zaidi ya miaka mia moja. Tofauti ya Tabora na Newton Heath haikutokana na vipaji wala hali ya hewa, ilitokana na uamuzi wa watu na uvumilivu wao katika kuutekeleza.

Tena si kweli kwamba kwetu hakuna cha kuona. Uwanja wa zamani wa Taifa jijini Dar es Salaam, unaoitwa sasa Uwanja wa Uhuru, ndipo bendera ya mkoloni iliposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Ndipo pia wananchi walipopanga foleni kumwaga Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Ni kiwanja gani cha Ulaya chenye uzito huo kwa Mtanzania? Jirani yake upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na kuchukua watu 60,000. Hapo Brazil walicheza na Taifa Stars mwaka 2010. Hapo Everton walikuja mwaka 2017, na Wayne Rooney akafunga bao mbele ya macho yetu. Hapo Yanga walicheza mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Hapo yalifunguliwa mashindano ya CHAN mwezi Agosti 2025, na vijana wetu wakaifunga Burkina Faso mabao mawili kwa bila. Mwezi Mei mwaka huo huo, Simba walicheza fainali yao ya Afrika katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Mtu wa Nzega angeweza kuyashuhudia yote haya kwa basi na boti, bila viza ya mtu.

Na Mbwana Samatta alifikaje Wembley, alipofunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi tarehe 1 Machi, 2020? Hakufika kwa tiketi ya utalii. Alitoka African Lyon akaenda Simba, akavuka kwenda Lubumbashi kuichezea TP Mazembe, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, ndipo akaenda Ubelgiji na hatimaye Uingereza. Njia yake ilianzia kwenye viwanja vya vumbi vya nyumbani. Tukiviacha viwanja hivyo vife, tusitegemee Samatta wa pili.

Hapa sina budi kugeuza kidole kielekee kwetu wenyewe, maana ukosoaji usioanza nyumbani ni unafiki. Ndugu wale wa Nzega wanaweza kunijibu: tukifika Tabora tutakaa wapi? Wana haki ya kuuliza. Viwanja vingi vya mikoani, Kirumba wa Mwanza uliofunguliwa mwaka 1980 ukiwa mmojawapo, ni matunda ya enzi ya chama kimoja, enzi ambayo wananchi walihimizwa kuchangia kwa fedha na kwa jasho. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viwanja hivyo vilibaki mikononi mwa Chama. Sheria ya umiliki ni jambo moja, deni la heshima ni jambo jingine. Mara ngapi tumesikia kwamba uwanja fulani umefungiwa na wasimamizi wa soka kwa sababu sehemu ya kuchezea imekuwa kama shamba la viazi? Kiongozi anayesimama jukwaani kuhimiza kujitegemea, huku vyoo vya uwanja anaousimamia havina maji, anawafundisha vijana waikimbilie Ulaya. Mapato ya mlangoni yatangazwe, na sehemu yake irudi kwenye nyasi na kwenye viti. Wananchi walichangia, basi waonyeshwe hesabu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: fedha ni yangu, nimeitolea jasho, kwa nini gazeti lipange matumizi yangu? Ndugu, hakuna anayekunyang'anya. Lakini mwalimu si mtu binafsi tu. Mwalimu akiingia darasani Jumatatu akiwa amenuna kwa sababu klabu ya London imefungwa, wanafunzi arobaini wanajifunza kitu ambacho hakimo katika mtaala. Wanajifunza kwamba mambo ya maana hutokea kwingine. Mtoto huyo anaweza kukutajia kikosi kizima cha Liverpool, lakini hajui Juma Pondamali ni nani, wala Peter Tino, wala kwamba mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika mjini Lagos. Na kutoka kwenye kibanda umiza anakoangalia mechi hizo, hatua ni fupi mno kufikia kubeti fedha ya daftari.

Kwa hiyo natoa pendekezo, na si lawama tupu. Mwalimu yule asiache safari, bali aibadilishe. Jumamosi moja ya ligi awachukue wenzake watatu na vijana kumi wa shule, wapande basi asubuhi kwenda Tabora. Wapite Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, waione Shule ya Tabora alikosoma Mwalimu, na alasiri waingie uwanjani. Wakirudi, sehemu ya fedha iliyokuwa iende kwa mlanguzi wa Manchester inunue nyavu mbili, mipira na chokaa, na kiwanja cha shule kisawazishwe kabla ya michezo ya UMITASHUMTA. Akiba itakayobaki iwekwe kwa ajili ya fainali za Afrika zilizopangwa kwa mwaka 2027, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja. Nasi tunaoandika na kuongoza, tuhakikishe kwamba atakapofika Tabora atakuta mahali panapostahili nauli yake.

Mwezi Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, wengi wao wakiwa na hasira dhidi ya masharti ya kura tatu. Waliingia na hisia, wakatoka na uamuzi uliozaa matunda, nao ukaitwa Uamuzi wa Busara. Jambo letu ni dogo kuliko lile. Hata hivyo linataka tabia ile ile ya kuuliza, kabla ya kunyanyua mguu, safari hii inatujengea nini. Mwalimu wa Nzega alikuwa bado hajasaini mkopo wake nilipoondoka. Natumaini atausoma ukurasa huu kabla ya kusaini.