Reflekta pekee haitakuokoa ukianguka

Hebu tazama steji ya bodaboda mtaani kwenu. Reflekta zipo, hata kama zimefifia. Lakini miguuni ni kandambili, mikono iko wazi na helmeti imening'inizwa kwenye usukani.

Sheria ya Trafiki inakutaka uvae helmeti na reflekta, wewe na abiria wako. Wengi wetu tunaishia hapo, tunavaa cha kumridhisha polisi. Ila kazi ya reflekta ni kukufanya uonekane. Ukishaanguka, haina msaada.

Sasa fikiria njia unayopita. Kwenye lami, ukianguka unaburuzika na ngozi ndiyo inageuka breki. Unahitaji jaketi nzito na glavu, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza mikono. Kwenye barabara za mawe na matope mwendo ni wa chini, lakini goti na kifundo cha mguu ndivyo huumia. Huko, tafuta buti ndefu na kinga za magoti.

Najua utauliza, "Pesa ziko wapi?" Anza na kichwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa helmeti ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42. Jaketi na buti waweza kuchagua mitumba pale Gikomba. Helmeti nunua mpya, kwani iliyowahi kugongwa huenda imepasuka ndani bila kuonekana. Ikubane vizuri, na ufunge mkanda.

Nawe abiria, usikatae helmeti eti itaharibu nywele. Kama tatizo ni uchafu, beba kitambaa chako cha kufunga kichwa.