Mstaafu Si Mtoto

Wapo wasemao kwamba mstaafu akikabidhiwa fedha nyingi kwa mkupuo ataongeza mke, atanunua basi bovu, na mwaka haujaisha ataanza kuombaomba. Heri, wanasema, apewe kidogo kidogo. Hoja hii imevikwa joho la huruma, lakini ndani yake mna dharau.

Tutazame mambo yalivyokwenda. Wanachama wa PSPF na LAPF walizoea kupata nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Mwaka 2018 kikokotoo kipya kiliwashusha hadi asilimia 25. Malalamiko yalipozidi, Rais Magufuli akakisitisha Desemba ya mwaka huohuo. Julai 2022 ikawa asilimia 33, na mwaka 2024 ikatangazwa 40. Je, busara ya mzee hupanda na kushuka namna hiyo?

Kilichopungua ni fedha za mfuko, si akili za wazee. Serikali yenyewe ilidaiwa na mfuko mafao ya watumishi wa kabla ya 1999, na mwaka 2021 ndipo ilipotoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo. Basi na isemwe hivyo, mzee asisingiziwe ufujaji.

DECI ilipoanguka mwaka 2009, waliokuwa wamepanda “mbegu” zao humo hawakuwa wazee peke yao. Kutojua mambo ya fedha hakuna umri. Dawa yake ni somo: mwalimu afundishwe hatifungani, riba na hila za upatu angali chuoni, si wiki moja kabla ya kustaafu. Kumzuilia mtu chake ati hajui kukitumia si kumfundisha.