Kuvu wa mizizi katika kilimo cha maeneo kame: Nini kinunuliwe, nini kilindwe

Wakati Serikali ikiendelea na mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023, wapo wasaidizi wengine wa mkulima ambao hawajapewa uzito unaostahili: kuvu waishio katika mizizi ya mazao, waitwao kitaalamu mikoriza.

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hupata kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka. Mara nyingi kinachoangusha mavuno si uchache wa mvua pekee, bali mvua kukatika kwa wiki kadhaa mazao yakiwa bado machanga au yakianza kuchanua. Hapo ndipo mikoriza husaidia. Nyuzi za kuvu hao, nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikaleta maji na hasa fosforasi, kirutubisho kinachosafiri kwa shida udongo unapokauka. Mmea nao huwalipa kwa sukari itokayo kwenye majani. Hata hivyo, ardhi ikikauka kabisa, hakuna kuvu atakayeleta maji yasiyokuwepo.

Viumbe hao wamo tayari katika mashamba mengi. Mtama, uwele, karanga, alizeti na zabibu, mazao yanayoitambulisha Dodoma, yote hushirikiana nao. Huwapunguza kulima kwa kugeuza udongo kila mara, kwani nyuzi hukatika. Kuacha shamba bila mmea kwa muda mrefu. Na kuweka fosfeti kupita mahitaji, kwa kuwa mmea ulioshiba fosforasi hupunguza kuwalisha. Mbolea si adui wa mikoriza, ila kiasi chake kinapaswa kutokana na kipimo cha udongo, si mazoea.

Tatizo lipo sokoni. Mradi wa COMPRO, ulioanza 2009 katika nchi za Ethiopia, Kenya na Nigeria, ulijaribu bidhaa nyingi za kuongeza rutuba, zikiwemo za viumbe hai, na sehemu kubwa haikutimiza yaliyoahidiwa. Kuvu ni viumbe hai. Wakihifadhiwa vibaya hufa ndani ya pakiti, na mnunuzi hawezi kulitambua hilo kwa macho. Muuzaji anayedai bidhaa yake ya mikoriza inafaa hata kwa kabichi na figiri atiliwe shaka mara moja, kwani jamii hiyo ya mimea kwa kawaida haishirikiani na kuvu hao. Kwa upande wa mbolea, Sheria ya Mbolea ya 2009 inataka isajiliwe na TFRA kabla ya kuuzwa, na mkulima ana haki ya kuuliza usajili huo.

Pakiti iliyo hai huleta faida zaidi kitaluni, kwa miche ya nyanya au zabibu, ambako kiasi kidogo huwekwa karibu na mzizi kabla ya kuhamishiwa shambani. Kwa ekari kadhaa za mtama, fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua mbegu za mbaazi au kunde za kuchanganya, ili udongo usikose mzizi ulio hai.